Mwalimu wa Kaburini

Kazi ya yule mzee wa mtaa wa Nyawera ilikuwa kuwafundisha maiti. Kaburi likishafukiwa, huchuchumaa upande wa kichwa, huvuta kanzu isiguse tope, na kwa sauti ya mtu anayemnong'onezea mwanafunzi majibu ya mtihani, humsomea marehemu talkini: malaika wawili wakija kukuuliza Mola wako ni nani, jibu hivi, usibabaike. Katika Zaïre nzima hakuna aliyevujisha mtihani kwa uaminifu kama huo.

Siku ile alizikwa fundi cherehani aliyesilimu ukubwani. Mdogo wa marehemu, Bulonza, Mkatoliki mwenye suti ya abakosti ya kuazima, akamshika mzee bega.

"Papa, mukubwa wangu alikuwa kiziwi. Sikio ya kuume tu ndiyo ilikuwa inasikia kidogo, na mumeilaza chini."

"Citoyen, kifo kinaponesha masikio."

"Nani alirudi kukuambia?"

Mzee akalala kifudifudi topeni, mdomo ukigusa udongo, akapiga kelele za Kiarabu ambazo Nyawera haikupata kuzisikia kwake. Alipoinua uso, shavu limejaa matope, aliuliza, "Na Kiarabu, alikuwa anaelewa?"

"Hapana. Mashi tu, luga ya kwetu."

Mzee hakujua Mashi. Aliwatazama waombolezaji wakishuka kilima.

"Lala hapa. Mimi nitasema Kiswahili, wewe umupigie kelele mu Mashi. Haraka, watu wakiisha kuondoka, malaika hawachelewi."

Bulonza, aliyepokea komunyo kanisani Jumapili iliyopita tu, akalala kando yake na kuanza kumpigia kaka yake kelele za jibu la kwanza kwa Mashi.