Jeni Iliyozimwa Siku ya Kuanua Matanga

Siku tulipoanua matanga ya baba, pale Kabungu, mimi binti yake nilijiandaa kudai shamba la mpunga. Ni lile la bondeni, ambalo mimi na baba tulililima kwa jembe tangu niko darasa la tatu, kaka yangu akishinda vijiweni Kashaulili.

Baba mdogo, aliyeongoza kikao, akaniuliza kwanza huko chuo kikuu nasomea nini hasa. Nikafurahi, mjinga mimi. Nilidhani ananipa nafasi.

Nikawaeleza kwamba jani la mpunga na mzizi wake vina jeni zilezile. Tofauti ni zipi zinasomwa na zipi zinaachwa. Kuna protini zinazoshika kipande cha DNA kilicho jirani na jeni. Nyingine zikishika, jeni inawaka, inanakiliwa, kazi yake inafanyika. Nyingine zikishika, inazimwa. Haifutwi, ipo palepale nzima, ila haitumiki. Ukame ukija, nikasema, zipo protini zinazowasha jeni za kuvumilia kiu. Hizo ndizo ninazozichunguza, na nilizichagua kwa sababu ya lile bonde.

“Kwa hiyo wewe na kaka yako damu ni ileile?” akauliza baba mdogo.

“Ileile, baba mdogo.”

“Ila nyingine inasomwa, nyingine inaachwa.”

Nikaanza kuona anakoelekea, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

“Basi nyie wasomi mmeturahisishia kazi. Sisi wa ukoo ndo hizo protini. Ya kaka yako tunaiwasha. Ya kwako tunaizima. Si hujafutwa, mwanangu? Upo.”

Watu wakaangua kicheko. Kaka naye akacheka, tena kwa sauti. Shamba likawa lake kabla ubwabwa haujapakuliwa. Nina hasira mpaka leo na sioni sababu ya kuificha.

Jioni, tukisugua masufuria, mama akaninong'oneza, “Si ungesema tu unasomea uuguzi.”

Kaka hakulima hata tuta moja. Amemkodishia mtu kutoka Sibwesa. Mwezi uliopita nilihitaji majani ya mpunga wa bonde lile kwa ajili ya utafiti wangu, nikaenda kuomba. Yule mpangaji aliacha kupalilia, akanisalimia vizuri, halafu akaniuliza, kwa heshima kabisa, mimi ni nani wa shamba hili.