Fundi Aliyekwenda Mkokotoni

Ijumaa, natoka msikitini, nikaambiwa kuwa yule fundi wa kompyuta wa Mkunazini ametutoka na anazikwa baada ya Alasiri. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanamjua: mkali wa maneno, mwepesi wa kucheka, na chai yake haina sukari hata chembe. Nilimpenda tangu kisa cha shangazi yangu wa Mkokotoni. Shangazi alikuwa na kompyuta ya marehemu mumewe, ndani yake mna sauti ya mume huyo akisoma Kurani, imejaa kelele za upepo. Alitaka isafishwe isikizwe kwenye hitma. Kompyuta ilikuwa na mifumo miwili ya kuiendesha, wa zamani na mwengine mpya uliowekwa kwa ajili ya programu ya kusafishia sauti. Katika huo mpya kazi ilijikokota. Nikampeleka shangazi Mkunazini; fundi akaitazama, akasema prosesa, yaani ubongo wa mashine, imechoka, shangazi atafute mashine nyengine. Shangazi akaifunga kompyuta yake kwenye kanga akarudi kwao.

Siku ya pili fundi akanipigia simu, moyo haujatulia. Alikumbuka kwamba jana yake, alipoijaribu katika mfumo wa zamani, kasi ya prosesa ilipanda kila kazi ilipokuwa nzito, na katika ule mpya haikupanda kabisa. "Ingekuwa imechoka, ingechoka kote kuwili," aliniambia. Tukaenda Mkokotoni. Aliipa mashine kazi ile ile katika kila mfumo, akapima joto, akaona si joto linaloipunguza kasi. Mwisho akagundua kuwa mfumo mpya umepangwa ubane umeme, ndiyo maana unaizuia prosesa isipande. Akaubadilisha mpango ule, kasi ikapanda.

Angeweza kusema ameitengeneza, akashukuriwa. Badala yake alimgeukia shangazi: "Bi, jana nlikwambia mashine yako imekwisha. Nlikosea. Ilikuwa nzima." Sauti ya mumewe ilipotoka safi, shangazi alijifuta macho kwa mtandio. "Ungenyamaza," alisema, "ningeitupa, na yeye yumo ndani."

Nimewaona madaktari, walimu na sisi waandishi tukimtangaza mtu hafai, kisha tukaona bora apotee kuliko tuonekane tumekosea. Fundi wetu aliona bora aonekane. Hukumu uliyoitoa ikikukera moyoni, nenda kaitengue mwenyewe, mbele ya yule yule uliyemhukumia, angali yupo wa kukusikia.