Radka Aliposhikwa Gatini

Radka alikuwa mchonga vitana hapa Hedeby, mji wetu wa bandari. Alizaliwa kwa Wawendi, watu wa mashariki, akaletwa kwetu akiwa msichana, mikono imefungwa kamba. Fundi Ketil alimnunua, akamwacha huru mbele ya watu, akamwoa. Ketil alipofariki, Radka alichukua misumeno yake akaendelea kukata pembe za kulungu. Lakini lafudhi ya kwao haikumtoka ulimini, na kila meli ya watumwa ilipotia nanga alijifungia ndani mpaka iondoke.

Kiangazi kimoja pembe zilimwishia kabisa. Akajitanda shuka, akashuka gatini asubuhi, kwenye meli iliyotoka kaskazini. Hata hajamaliza kuuliza bei, mkono ukamdaka kiwiko.

"Lafudhi hiyo naijua," akasema Skorri, mfanyabiashara wa watu. "Si wewe uliyenitoroka mwaka jana?"

Radka akajaribu kujinasua, mkono ukazidi kukaza. Gati lilijaa watu wakipakua ngozi na mawe ya kusagia, na kila mmoja aliinamia mzigo wake, maana vijana wa Skorri walishika mashoka. Akaburutwa hadi kwenye chombo chao, kilichofichwa na meli ile. Alipowaona wanawake waliokaa mle ndani, minyororo shingoni, mkojo ukamtoka.

"We! Mwache huyo!"

Alikuwa Asvor, muuza samaki, jirani ambaye yeye na Radka hawakuwa wakisalimiana tangu wagombanie mtaro wa maji machafu. Kisu cha kuparia magamba kilikuwa bado mkononi.

"Huyo namjua. Mkaidi, mdomo mchafu, lakini huru. Ketil alipomwacha huru nilikuwepo."

"Utaapa?"

"Sasa hivi, kwa pete ya miungu! Na wewe, bwana, utaapia nini? Pua yako?"

Mtu akacheka. Mpakuzi mmoja akatua mzigo. "Hata mimi naapa." Kisha mwingine, na mwingine.

Skorri akazitazama nyuso zile, akamwachia. "Nimemfananisha," akasema huku akitabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Radka kuliko mkono wake.

"Tembea, dada," Asvor akamnong'oneza. "Usigeuke nyuma."

Radka alifika nyumbani, akafunga mlango kwa komeo. Gatini hakukanyaga tena. Pembe aliletewa na Asvor. Jambo moja tu lilimsumbua hadi uzeeni. Alipokuwa akiondoka, mwanamke mmoja mle chomboni alimwita kwa Kiwendi, naye, kwa hofu, hakuitika.