Pazia la Mtoto Anayerudi

Miaka thelathini Mama Pasi alinyoosha mashuka ya hospitali, akastaafu na jina hilo pamoja na maumivu ya bega. Hakuwahi kuota kwamba ipo siku ataitwa mwenye nyumba. Kisha kaka yake akafariki, akamwachia nyumba ya vyumba vinne. Viwili vya mbele akahamia mwenyewe. Viwili vya nyuma akavikuta na mtu. Alikuwa mwanamke mshonaji, kila mtu akimwita Fundi, mpangaji wa miaka kumi na mmoja, cherehani yake ikikaa chini ya dirisha la uani.

Fundi hakuwa na neno na mtu. Choo alikisugua bila kuambiwa, bomba likivuja alilifunga mpira mwenyewe, na kodi haikuwahi kuulizwa mara mbili. Sasa niambie, mtu kama huyo unamtoaje?

Mdogo wake Mama Pasi, anayekata tiketi za ndege mjini, alikuwa na jibu. "Dada, umekalia mali unapiga miayo! Pangisha kwa siku. Mgeni analala siku mbili anaondoka, anakuja mwingine. Na wewe na mashuka si chanda na pete? Huyo wa mwaka hadi mwaka anakupa nini zaidi ya salamu?"

Mama Pasi akabisha wiki mbili nzima. Mpangaji wa kudumu, alisema, unamjua tabia, na usingizi unaupata; huyo wa siku mbili unamkabidhi ufunguo hata kwao hukujui. Lakini tamaa ni kama unyevu wa ukutani, hupanda taratibu. Siku moja akajikuta dukani anachagua rangi ya vyumba ambamo mwenzake bado analala.

Angesema ukweli, mambo yangeishia hapo. Nyumba ni yake. Angempa Fundi miezi ya kujiandaa, wakaagana. Ila Mama Pasi alitaka yote mawili: avipate vyumba, na aendelee kuonekana mtu mwema. Akamfuata uani, akakohoa kidogo.

"Fundi, mdogo wangu, mwanangu anarudi. Anakuja na mke. Watahitaji pa kufikia."

Mwana mwenyewe alikuwa ng'ambo mwaka wa tisa, na habari ya kurudi hakuwa ameigusa hata kwa utani.

Fundi aliacha kitambaa kikaanguka, akamkumbatia. "Mungu mkubwa! Mama Pasi, wala usione haya kuniambia. Mtoto kwanza, mimi nitapata pengine." Akalia kwa furaha ya mtoto asiyemjua. Mama Pasi naye akalia, na yeye alilia kwa aibu.

Mwezi haukuisha Fundi akahama, akaenda mtaa wa mbali ambako hakuna aliyejua mkono wake. Siku ya kuondoka alitoa futi yake shingoni, akalipima dirisha juu na chini, akatabasamu tu. Mama Pasi hakuuliza.

Wageni wakaanza kuingia. Mashuka yalinyooka mpaka yakang'aa, mdogo mtu akasifu, lakini raha haikuja ng'o. Pale chini ya dirisha miguu ya cherehani ilikuwa imeacha mashimo manne kwenye saruji. Mama Pasi aliyafunika kwa mkeka. Kila akifagia, mkeka umesogea, na mashimo yako palepale.

Jumamosi moja asubuhi, hodi! Fundi huyo mlangoni, furushi kichwani, jasho linamtiririka.

"Nimeleta pazia la wana! Wamefika?"

Mama Pasi akajifuta mikono kwenye kanga. "Wamefika. Wametoka kidogo."

"Afadhali. Wakirudi walikute liko juu." Na kabla hajazuiwa alikuwa amepita uani hadi chumba cha dirisha lile, maana njia aliijua kuliko mwenye nyumba. Pazia lilikuwa la kijani, lina marinda, upindo umeshonwa kwa mkono. Akapanda kitini, pini mdomoni.

Mara mlango wa chumba cha ndani ukafunguliwa, akatoka mzee mwenye kipara na taulo begani. Mama Pasi, bila hata kufikiri, akaropoka: "Huyu ni baba mkwe wa mwanangu!"

Fundi akashuka upesi, akatoa pini mdomoni, akapiga goti. "Shikamoo baba. Karibu sana. Binti yako ameingia kwenye nyumba ya watu wema, usiwe na wasiwasi."

"Marahaba," mzee akasema, akiwatazama kwa zamu. "Ila mama, mimi sina binti. Mimi nimelipia siku mbili. Nilikuwa naulizia maji ya moto."

Jamani! Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii haikufika hata barabarani. Mama Pasi alitamani ardhi ipasuke immeze na mkeka wake. "Fundi, nisamehe. Nilikudanganya. Sijui lini mwanangu atarudi. Nilitaka vyumba tu. Rudi, nakuomba, leo hii hii."

Fundi alipanda tena kitini, akamaliza pini tatu zilizobaki, akanyoosha marinda kwa kiganja. Kazi yake hajawahi kuiacha nusu.

"Nyumba ni yako, Mama Pasi," alisema aliposhuka. "Ungeniambia, ningehama vilevile, na roho yangu nyeupe. Kule nimeshaanza kupata wateja. Sirudi kuanza upya tena." Akaanza kukunja kitambaa cha furushi. "Kinachoniuma ni kwamba kila alfajiri nilikuwa namwombea mwanao. Namwambia Mungu, mlete salama, mama yake anamngoja."

Akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo uliofungwa kwa uzi mwekundu. "Huu ni ule wa pili. Nilikaa nao ili nimkabidhi yeye mwenyewe, mkononi."

Akauweka kwenye kiganja cha Mama Pasi, akachukua kitambaa cha furushi lake, akaenda zake. Mzee alikuwa bado amesimama na taulo lake, akasogea dirishani kulishika lile pazia.

"Kazi safi hii," alisema. "Umeshonesha wapi?"

Mama Pasi aliubana ufunguo kiganjani, akaenda kumchemshia maji.