Maji Yaliyokataa Kuchemka

Nakumbuka asubuhi moja, mjukuu wangu, ambayo ikinijia mpaka leo hunitoa jasho hata nikiwa kivulini. Weka simu chini kwanza. Uji utapoa wenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya miwa. Watu huku kwetu waling'oa mahindi wakapanda miwa mpaka mlangoni, na trekta zilijipanga barabarani kutwa nzima zikingoja kupakua kiwandani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi katika maabara ya kiwanda, kupima utamu wa maji ya miwa. Nilipewa koti jeupe. Woi, nilivyojiona! Nikipita sokoni na lile koti, hata shangazi zangu nilikuwa nawasalimia kwa mbali.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Makokha, mtu aliyepika sukari miaka mingi kabla macho hayajaanza kumsumbua, ndipo akaletwa maabara. Kila asubuhi saa nne tulichemsha maji ya chai kwa moto wa gesi, katika chupa ya kioo tuliyoitenga kwa kazi hiyo tu. Na kila siku, kabla ya kuwasha, Mzee alidondosha ndani vigae vitatu vya chungu kilichovunjika.

Vigae vya chungu, ndani ya chai ya watu! Nami nilikuwa nimeokoka mwaka ule ule, na nilikuwa na moto kumshinda hata mchungaji. Nikajiambia, huyu mzee anatufanyia mambo ya kwao. Kumwuliza sikumwuliza, ningemwulizaje, mimi mwenye cheti? Siku hiyo alipokwenda stoo nikavitupa vigae dirishani, nikakemea pepo, nikaisugua chupa mpaka ikang'aa, nikajaza maji, nikawasha gesi.

Maji yakakaa. Hayakutoa povu hata moja.

Rosa akaja na kopo la majani ya chai. Rosa alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi, na harusi yake ilikuwa Desemba. Akaniuliza kama gesi imeisha. Nikamwonyesha moto, unawaka vizuri kabisa. Tukangoja. Joto lilikuwa linanipiga usoni, na maji yametulia kama yale ya mtungini. Sikujua ninaogopa nini, mwanangu, lakini niliogopa. Nilitaka kutoka mle ndani, lakini nikabaki pale na Rosa.

Mzee akarudi, akasimama mlangoni na daftari lake. Akaitazama chupa kwa mbali, akakunja uso.

"Vigae vimo?"

Ningesema hapana, yangekwisha pale pale. Ni neno dogo. Lakini niliona aibu mbele ya Rosa, nikasema, "Vimo, Mzee. Hakuna shida."

Akaniamini. "Basi hayajapata moto bado," akasema, akainama kuandika. Rosa naye akacheka, akasema yeye ana njaa, hata chai ya uvuguvugu atakunywa. Akachota majani kijiko kizima, akainamia mdomo wa chupa.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nilipiga ukelele, "Rosa, usitie! Vigae nimetupa!"

Mzee alitupa daftari, akamdaka Rosa kwa ukosi wa koti, akamvuta nyuma. Katika kuvutwa, majani machache yakadondoka ndani ya chupa. Maji yote yakaruka kwa mpigo mmoja, na mshindo ulionifanya nidhani boila ya kiwanda imepasuka. Yakagonga dari, yakarudi chini yakitoa mvuke. Chupa ikabaki na maji kidogo sana.

Rosa alikuwa sakafuni, viganja usoni. Alikuwa anauliza, "Nafula, uso wangu uko? Uso wangu uko?" Nikapiga magoti, nikamtoa mikono. Uso ulikuwepo. Mkono wa Mzee wa kushoto ndio uliokuwa umebabuka, ngozi imejikunja.

Mzee alizima gesi, akautia mkono katika ndoo ya maji, akakaa. Nililia nikingoja anifukuze kazi. Hakunifokea, na afadhali angenifokea.

"Kutupa ulitupa kwa kutojua," akasema. "Lakini nilikuuliza, binti yangu. Nilikuuliza."

Baadaye, mkono ukiwa na bendeji, ndipo alipotueleza. Maji hayaanzi kuchemka hivi hivi. Yanataka mahali pa kuanzia, kitundu chenye hewa kidogo, na kigae kimejaa vitundu hivyo. Kioo kilichosuguliwa sana hakiyapi mahali. Basi yanapita pale pa kuchemkia, yanazidi kupata moto, na bado yamenyamaza. Kitu kidogo kikiyagusa, yote yanaruka. Hata yasipoguswa, akasema, kuna mwisho ambao hayawezi kuuvuka. Na sukari ni vivyo hivyo: maji yake hubeba sukari kuliko uwezo wake, yametulia, mpaka punje moja iingie, ndipo yanapoanza kuganda. Alisema yeye akiona povu dogo dogo hulala usingizi. Kinachomtisha ni utulivu mahali pasipo na haki ya kutulia.

Sasa sikiliza. Jana ulipofika kutoka chuoni Shirere, umekonda, nilikuuliza masomo yanaendaje na nini kinakusumbua. Ukaniambia, "Hakuna shida, Kukhu." Mwanangu, sauti ile naijua. Ni yangu. Usiku kucha sikulala, nimekuwa nikiiona ile chupa, na safari hii uso ni wako.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Ukikuta wazee wanafanya jambo usilolielewa, uliza kabla hujalitupa. Na ukiulizwa, sema. Sema likiwa povu, kabla halijawa mshindo. Kama umefeli, sema umefeli. Kama umefukuzwa chuo, jiko hili ni lako, na mimi sitakufokea, kwa sababu mkono ulioungua kwa ajili ya uwongo wangu haukunifokea.

Mungu akupe mahali pa kuanzia. Akuwekee mtu wa kukuvuta ukosi. Na mdomo wako upate kusema lile neno dogo kwa wakati wake.

Haya. Ninakuuliza mara ya pili.