Vigingi vya Masale

Silipendi neno bure. Nikilisikia, mkono wangu huenda wenyewe mfukoni kuhakikisha simu bado ipo. Mke wangu husema nimezaliwa hivyo, lakini mimi najua lini nilianza. Ni mwaka ule mama yangu alipokatwa mguu.

Ugonjwa wa sukari ndio uliouchukua, chini kidogo ya goti la kulia. Hospitali walifanya kazi yao wakamrudisha nyumbani na bandeji safi, na tangu siku hiyo mama akawa mtu wa ndani. Tunaishi Old Moshi, huko juu, kwenye kihamba alichotuachia baba: nyumba, zizi la ng'ombe wawili, kahawa chini ya migomba, na mteremko unaoanzia mlangoni na kuishia barabarani. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Nilibaki na nyumba, na mama ndani yake. Kumbeba mgongoni niliweza, ila yeye hakutaka. Alisema yeye si mkungu wa ndizi. Alichotaka ni kutoka nje mwenyewe, siku anayotaka, bila kumwita mtu. Alinikumbusha kila nilipompelekea uji, kwa sauti ileile ya kuulizia kama ng'ombe wamekula.

Wa kwanza kuja kumsaidia walivaa fulana za rangi moja na walikuwa na kamera. Walimpa magongo mawili mapya, wakampiga picha amesimama mlangoni anatetemeka, mmoja wao kamshika kwapani kwa nyuma ili asionekane. Walipomaliza kupiga picha wakayaomba magongo, eti wakayarekebishe urefu. Niliwafuata kwa macho. Ng'ambo ya mfereji kuna jirani yetu, bibi mwenye nyonga mbovu, na niliyaona magongo yaleyale yakipigwa picha mikononi mwake. Kwetu hayakurudi, na kwake hayakubaki. Haukupita muda ikaingia meseji kwenye simu yangu: mama yako amechaguliwa kupata kiti cha magurudumu bure, tuma ada ya usajili. Walijuaje kwamba nina mama, na kwamba hatembei? Nikaanza kuwatazama vibaya hata waliokuja kununua maziwa.

Kwa hiyo Jumapili mchungaji alipotangaza, kabla ya mnada wa mayai na ndizi nje ya kanisa, kwamba kuna karakana upande wa Shirimatunda inatengeneza viti vya walemavu na haidai kitu, mimi niliinama nikafunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa tayari. Aliyenyoosha mkono ni yule bibi jirani. Alijiandikisha yeye, akamwandikisha na mama, na mimi sikuulizwa.

Watu wa karakana walikuja asubuhi moja nikiwa nimepeleka maziwa kituoni. Niliporudi na ndoo tupu, kuna kitu kilinisimamisha pale pale kwenye mfereji. Vipande vya masale, virefu kama mkono, vilikuwa vimechomekwa ardhini kutoka mlangoni mwetu kushuka chini, vikikata katikati ya migomba. Kwa mgeni, isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, basi. Kwetu ndilo mpaka. Ukichomeka kipande kinashika mizizi, na kikishashika, wazee wakija kuamua ugomvi wa ardhi wanakitazama hicho kabla ya kufungua karatasi yoyote. Nawajua ndugu wa tumbo moja ambao hawasalimiani kwa sababu ya isale moja lililosogea.

Tena havikushuka moja kwa moja kuelekea barabarani. Vilikwenda kushoto, vikarudi kulia, vikaizunguka kahawa, na kona moja ilikwenda mbali kabisa, hadi karibu na kaburi la baba, kisha ikarudi. Njia gani inatembea namna hiyo? Mimi niliona viwanja. Mtu alikuwa amekigawa kihamba chetu, na katika kugawa alijipa hadi marehemu.

"Nani amekuja hapa?" nilimuuliza mama kabla hata sijaweka ndoo chini.

"Kwani tumeamka pamoja?" alisema. "Nisalimie."

"Shikamoo, mama. Nani amekuja?"

"Marahaba. Mafundi wa kiti. Binti mmoja na kijana anayetembelea gongo. Wamepima mlango, wamepima njia, wamekunywa maziwa, wameondoka."

"Umeweka dole gumba mahali?"

"Hawakuwa na karatasi."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Wangeleta karatasi ningewashuku, na kuja bila karatasi kulinifanya niwashuku zaidi. Nilimwambia amedanganywa, kwamba anayetengeneza kiti hana shida ya kupima shamba. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Ile ni njia yangu, baba," alisema. "Usiiguse."

Niliigusa. Niliving'oa vigingi vyote nikavitupa nyuma ya zizi, juu ya samadi. Kung'oa isale si jambo la mchezo huku kwetu, hata kama limechomekwa asubuhi hiyohiyo, na yule bibi jirani aliyeniona kutoka ng'ambo alijifunika mdomo kwa khanga. Mama alinitazama kupitia dirishani mpaka nikamaliza. Jioni aliurudisha uji wake kama ulivyokuwa.

Siku iliyofuata binti wa karakana alinipigia simu.

"Bro, tuje Alhamisi tuanze kuchimba?"

"Kihamba hakiuzwi," nilimjibu.

Alicheka sana. Alidhani namtania.

Alhamisi yenyewe, kabla hawajafika, nilikwenda kukata majani ya ng'ombe. Nilirudi na mzigo kichwani, nikaukuta mlango wazi na kitanda cha mama hakina mtu. Nilimkuta kwenye mpaka wa juu, kwenye ua wa masale, amekaa chini kwenye udongo. Alikuwa amejivuta kwa makalio kutoka mlangoni mpaka pale. Gauni lilikuwa limejaa matope, na khanga aliyofungia kisiki cha mguu ilikuwa imefunguka inaburuta. Mkononi alishika jani la isale alilolifunga fundo.

Isale lina kazi nyingine kwetu zaidi ya mpaka. Mtu aliyekosa hulifunga fundo akampelekea aliyemkosea, na mwenye kupelekewa hana ruhusa ya kukataa. Limezima ugomvi mkubwa kuliko wetu. Nimeona wazee wakipelekeana, nimeona mkwe akimpelekea baba mkwe. Mzazi kumletea mtoto wake sikuwahi kuona wala kusikia. Jambo la kwanza nililofanya ni kugeuka kutazama kama kuna mtu anatuona.

"Mama, hujanikosea kitu. Inuka."

"Nimekukosea. Nimeingiza wageni kwenye kihamba bila kukuuliza. Pokea."

"Sipokei. Itakuwaje unipe mimi kitu hicho?"

"Basi nitakaa hapa na nimekishika, wapitao waone."

Nilipokea. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na aibu, na bado niliwashuku wale watu, yote kwa pamoja. Siku hiyo alikubali nimbebe, labda kwa kuwa alikuwa ameshapata alichotaka. Nilimwosha miguu, mzima na uliokatwa. Kisha nikampigia binti simu wasije kwanza, nikaenda kuviokota vigingi kwenye samadi, nikavisuuza mferejini na kuvirudisha kila kimoja kwenye tundu lake. Lakini kupokea isale hakumzuii mtu kuuliza maswali. Kesho yake nikashuka mjini.

Karakana ilikuwa banda la mabati, magurudumu ya baiskeli yananing'inia darini na harufu ya chuma kinachochomelewa imejaa mahali pote. Yule kijana wa gongo ndiye fundi mkuu, mtu wa Tabora. Nilipomweleza masale ni kitu gani, aliweka chini kifaa chake.

"Mungu wangu. Mimi nilikata tu kilichokuwa karibu, kaka."

"Nani anawalipa?" nilimuuliza.

"Kuna watu wa nje wanaleta mabomba ya kuundia viti. Hospitali imetupa hili banda."

"Kwa nini wanaleta?"

"Hata mimi niliwahi kuuliza. Majibu sikuyaelewa vizuri."

Hilo jibu lilinituliza kuliko tangazo la mchungaji. Wale wa kamera walikuwa na majibu ya kila kitu. Nikamuuliza kuhusu kona. Aliegemeza ubao ukutani akashusha gurudumu moja kwa moja, likamtoka likaenda kugonga mlango. Akalishusha tena kwa kulipitisha upande upande, polepole, likamtii. Kiti kwenye mteremko wetu ni hivyohivyo, alisema, ndiyo maana njia lazima izunguke. Alinieleza kona moja baada ya nyingine, na kila moja nilitafuta kasoro nikaikosa. Nikaiacha ile moja iwe ya mwisho.

"Na ile inayokwenda kaburini?"

Alinitazama kidogo. "Ile haikuhitajika. Tulimwambia mama itatuongezea kazi bure. Akasema kama haipo, hicho kiti mkae nacho."

Tulichimba pamoja, mimi na wao. Nilikata migomba minne kwa mkono wangu na iliniuma, sitaficha. Mpaka njia inakamilika, baadhi ya vigingi vilikuwa vimeanza kuchipua, na mama akasema visiondolewe. Leo vimesimama pande zote mbili za njia, na mgeni akipita hudhani katikati ya kihamba chetu kuna shamba la mtu mwingine.

Kiti kilipofika nilikikagua kila skrubu. Niligeuza mto nikatazama chini yake. Nilimuuliza binti kama kuna mtu atakuja kupiga picha, akasema kama nataka naweza kupiga mwenyewe. Sikupiga. Mama alivaa gauni la kanisani na kitambaa kipya kichwani, akashika magurudumu. Bibi jirani alikuwa ameshawaambia watu wa barabarani, nao walikuwa wamekusanyika kule chini kumsubiri.

Nilimfuata nyuma, mikono tayari. Kona ya kwanza alinigeukia.

"Toa mikono. Kiti ni changu."

Nilitoa. Alishuka polepole, akizuia magurudumu kwa viganja, akipumua kwa nguvu. Pale njia ilipogawanyika hakuutazama upande wa barabara. Alikata kona kuelekea kaburini, akafika, akafunga breki kama alivyofundishwa. Tangu mguu ukatwe hakuwa amefika pale. Mimi nilisimama kwenye migomba, mbali kidogo, nikijifanya natazama ndizi. Alikuwa anazungumza Kichagga, kwa sauti yake ya kawaida, ya mtu aliyechelewa kurudi kutoka sokoni.

"Nisamehe, nimekawia," alimwambia baba. "Kijana wako alikuwa bado anachunguza."