Shamba Lisilobebeka

Msimcheke Sebastiani. Mwaka wa tisini na tatu, vita ilipofika Gashoho, huko Burundi, wenzake walikimbilia Tanzania na watoto mgongoni tu. Yeye alijiona mjanja: shamba halibebeki. Alimuuzia jirani yake Ignasi, aliyekuwa akichuja dhahabu mtoni, akapokea kipande kama punje ya haragwe. Karatasi hawakuandika. Shahidi alikuwa Efrazia, mke wa Ignasi, na Mungu.

Kambini, mkewe Jeska alikishonea kipande kile ndani ya pindo la kitenge. Walilala njaa nacho. Mtoto wao Kastori aliugua, Jeska akalia wakiuze, Sebastiani akakataa: hilo ndilo shamba letu. Wakamzika Kastori.

Amani iliporudi, nao wakarudi. Ignasi alikwisha kufa, Efrazia analima peke yake. Sebastiani akaenda mpaka Gitega kwa Mugisho, Mkongomani mnunuzi wa dhahabu, apate fedha za kununua shamba. Mugisho akapima, akaguna.

"Or yako, hii dhahabu, iko ya kweli, papa. Lakini udongo imepanda bei sana. Kwa hii utapata fasi ya kuchimba choo tu."

Uchungu ulikuwa hapa: waliokimbia bila kitu, wazee wa kilima, waamuzi wa kijiji, walikuwa wakiwarudishia nusu ya mashamba yao. Aliyeuza hakuwa na chake. Sebastiani aliondoka na dhahabu yake bila kuiuza, akalia njia nzima, mtu mzima yule, bila haya.

"Sema tulikimbia mikono mitupu," Jeska alimwambia. "Nani ana karatasi? Nimemzika Kastori kwa ajili ya shamba lile."

Siku ya baraza Efrazia alieleza mauzo yote, akaombwa ushahidi, hana. Mzee akamgeukia Sebastiani: aliondoka na nini?

"Mikono mitupu," akajibu, macho chini.

Shamba likakatwa katikati, kamba ikipita juu ya mihogo ya mjane.

Mvua za kwanza zilimkuta Sebastiani amesimama na jembe kwenye nusu yake. Mbegu hana, na dhahabu imerudi pindoni mwa kitenge. Aliogopa hata kuitaja. Efrazia akavuka mpaka mpya na kikapu cha maharagwe, kama ilivyo desturi kwa jirani aliyerudi, akammiminia viganjani.

"Kamata, jirani," akasema. "Mikono mitupu haipandi."